Ampli Iliyofungwa kwa Kikwembe cha Mama

Wengi wenu mliniuliza mlangoni mwa kanisa kwa nini nilipotea karibu wiki mbili katikati ya mvua, mimi ambaye hata sokoni siendi bila sababu. Niliwajibu kwa kifupi kwamba nilikwenda Lukafu kutafuta kipande cha gari. Mlicheka, na mlikuwa na haki, kwa maana gari langu halijasogea hata hatua moja tangu nchi ikatwe vipande viwili. Wengine mliuliza swali la pili, kwa sauti ya chini, kuhusu mama na gari hilo. Haya ndiyo majibu ya maswali yote mawili. Atakayemsomea mwenzake asiongeze kitu.

Gari lisilotembea

Gari nililinunua zamani, wakati mshahara ulikuwa bado unakuja. Baba yangu alikuwa fundi wa njia ya reli huko Kongolo. Mimi nikawa mtunza stoo wa karakana hapa Lubumbashi. Mshahara uliposimama, injini iliondoka kidogo kidogo kwenda kwa wenye taksi. Kilichobaki uani kwetu Hewa Bora, juu ya matofali, ni bodi, viti, milango minne inayofunga vizuri, na redio ya kaseti ambayo gari lilitoka nayo kiwandani.

Redio hiyo ina jambo moja ambalo sikulijua mpaka nilipojifunza mwenyewe katika kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada. Yenyewe haina nguvu ya kusukuma spika. Inatuma sauti ndogo kwenye kisanduku cha chuma kilicho chini ya kiti cha mbele, nacho ndicho kinachoikuza sauti hiyo na kuigawa kwenye spika nne za milangoni. Kisanduku hicho tunakiita ampli. Ampli ikifa, taa za redio zinawaka, kaseti inazunguka, na husikii kitu.

Mama yangu hasikii. Kwinini ilimharibu masikio mwaka ule wa homa kali, na sasa ukimsemesha karibu na sikio anashika neno moja kati ya matatu. Lakini niligundua kwamba ndani ya gari lile, milango na vioo vikiwa vimefungwa, sauti imepandishwa, kiganja chake kimelala juu ya spika ya mlango, anasikia. Anasikia maneno yenyewe, si mvumo tu. Betri nilikuwa naichaji kwenye mashine ya kusaga ya jirani. Kila Jumapili baada ya misa mama aliingia humo na kaseti za kwaya, akakaa wima kama mtu anayesafiri.

Mdogo wangu Ngoy ni mwalimu. Alibaki Kongolo, upande wa pili wa mstari wa vita. Muda mrefu ulipita bila habari zake, hata mama akaacha kumtaja wakati wa kula. Halafu ikafika kaseti. Ilikuwa imevuka Ziwa Tanganyika, ikashuka Zambia, ikaingia kwa mpaka wa Kasumbalesa mfukoni mwa mtu asiyemjua Ngoy kabisa. Juu yake yalikuwa maneno mawili kwa mwandiko wake: Kwa Mama.

Nilimketisha mama, nikafunga milango, nikatia kaseti. Ngoy alikuwa anapiga kelele, kwa sababu anayajua masikio ya mama.

"Mama, unanisikia?"

Kisha spika zikakoroma na kunyamaza. Kaseti iliendelea kuzunguka. Mama aliendelea kushika mlango, akingoja. Alidhani Ngoy anavuta pumzi.

Nilizima upesi, nikamweleza kilichotokea. Nikamwambia kwamba ninayo redio ndogo ya mkono. Nitaisikiliza kaseti mimi, halafu nitamkariria kila neno sikioni, polepole. Kwetu barua ya mzazi haifunguliwi na mtoto kabla ya mzazi, kwa hiyo nilijua ninaomba kitu kibaya. Mama alinyoosha mkono. Nikampa kaseti, akaifunga katika pindo la kikwembe alichojifunga kiunoni.

"Mie sitaki maneno yake mu kinywa yako," alisema. "Mie nataka sauti yake."

Kuanzia siku hiyo nilikuwa na kazi moja. Niliifungua ampli: kile kipande kinachokuza sauti kilikuwa kimeungua mpaka namba yake haisomeki. Niliazima ampli ya kwaya, ikaunguza fyuzi. Niliazima nyingine kwa fundi mmoja, ikalia kama nyuki na mama hakushika hata neno. Spika za kiwandani zinataka ampli yao wenyewe, yenye soketi ileile ya nyaya kumi na mbili. Nilikuwa karibu kukata tamaa wakati Mwape, dereva wa lori linaloleta mahindi mjini, aliposimama uani kuomba maji. Alilizunguka gari mara mbili, akasema kwamba patron wake, yaani bosi wake, kule Lukafu analo gari la tumbo moja na hili. Lilipata ajali, linalala tu.

Annexe, tukingoja chumvi

Habari za karatasi za safari naziruka. Kila mmoja wenu anazijua. Naanza na mzigo. Katika stoo yetu kuna sheria niliyoikuta na nitakayoiacha: kipande kizima hakitoki mpaka kilichokufa kiwekwe mezani. Kwa hiyo niliichukua ampli iliyokufa. Nilitaka pia kulinganisha matundu ya skrubu na rangi za nyaya, ambazo nilikuwa nimezichora katika daftari. Mama ndiye aliyeifunga, kwa kikwembe chake cha maua ya buluu, akakaza mafundo mawili. Sikutaka itikiswe pamoja na mizigo ya watu, nikaipakata.

Lori lilitakiwa kuondoka Jumatatu. Liliondoka Alhamisi. Tulingoja mwisho wa mtaa wa Annexe, pale nyumba zinapokwisha na mashamba ya mahindi yanapoanza, kwa sababu patron alikuwa ameagiza chumvi na chumvi ilikuwa haijafika. Kila asubuhi Mwape alisema, "Leo njo leo." Kila jioni alisema safari haina mbio. Tulikula mihogo ya kuchoma na tukanywa munkoyo, kinywaji cha unga wa mahindi, wa mama mmoja wa pale, munkoyo mzuri, mtamu bado, wa siku moja. Kila jioni nilirudi nyumbani kwa miguu na kifurushi changu, mama akiniona kwa mbali anageuka na kuingia ndani bila kuuliza.

Katika abiria alikuwamo Mama Feza, mchuuzi wa samaki, mwanamke wa rika langu mwenye sauti ya kuamuru soko zima. Alimtukana Mwape, aliitukana chumvi, aliitukana mvua. Kwangu mimi alikuwa mpole. Siku tulipopanda alimwondoa mtu kwenye nafasi nzuri nyuma ya kabini ili nikae mimi. Akitaka kucheka na wenzake aliniangalia kwanza, kisha alishusha sauti. Sikuelewa. Nilidhani ni heshima kwa mvi zangu.

Mto usio na daraja

Tulifuata njia ya Kasenga, kisha tukakata kushoto. Ijumaa adhuhuri tulifika kwenye mto mmoja mdogo ambao wakati wa kiangazi mtu anauruka. Maji yalikuwa yamechukua magogo mawili ya daraja. Mwape alishuka, akaangalia, akavua viatu, akalala chini ya lori. Tukajua hatutavuka siku ile.

Tulikaa hapo mpaka Jumapili asubuhi, maji yaliposhuka na wanaume wa kijiji cha jirani wakatusaidia kulaza magogo mapya. Watu walipika pamoja. Bukari, yaani ugali, ilitoka kwa mmoja, mboga ya lengalenga kwa mwingine, na Mama Feza alifungua kikapu chake cha samaki wakavu. Kipande kikubwa kuliko vyote, chenye kichwa, alikiweka kwenye sahani yangu. Nilikataa, kwa kuwa wengine walikuwa na watoto. Hakuna aliyekubali kukipokea. Walitazama chini.

Jumamosi mchana Mama Feza alikaa karibu nami kwenye gogo, akauliza.

"Papa, mutoto alikuwa na myezi ngapi?"

Nilimwuliza mtoto gani. Aliangalia kikwembe kilichokuwa magotini pangu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mnajua jinsi miezi ile ilivyokuwa. Watu walirudisha maiti zao vijijini kwa njia yoyote, na mtoto mchanga alibebwa hivyo hivyo: katika kikwembe cha mama, juu ya magoti, bila kutangaza, dereva asije akakataa. Mtu wa namna hiyo haulizwi kitu. Tangu Annexe lori zima lilikuwa linasafiri na msiba wangu, na mimi nilikuwa nimelindwa na watu wasionijua, nikila samaki wao kwa kifo ambacho hakikuwapo.

Nilifungua mafundo mawili. Waliona kisanduku cha chuma chenye mapezi ya kupoza joto na mkia wa nyaya. Wa kwanza kucheka alikuwa Mwape, kutoka chini ya lori alikolala.

"Ah, papa. Toka Annexe tunalilia radio."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka kwa aibu. Mama Feza alipiga makofi mara moja, akataka kujua chuma kile ni cha nini hata kivikwe nguo ya mama. Nikamweleza kwa mpangilio: masikio, gari, kaseti, Ngoy, na lile swali moja lililobaki bila jibu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alichukua ncha za kikwembe na kukaza mafundo yeye mwenyewe.

"Basi iko mutoto tu," alisema. "Mvua isimuingie."

Nikasema nitamrudishia samaki tukifika.

"Kula, papa. Samaki ya kilio hairudishwe."

Gari lililokuwa hai

Njiani kutoka mtoni, mgongo wa milima ya Kundelungu ukiwa kulia kwetu chini ya mawingu, Mwape aliniita kabini akanieleza habari za patron wake. Anaitwa Paluku, mfanyabiashara wa kutoka Butembo, Kivu ya Kaskazini. Alikuja huku na malori matatu kununua mahindi na samaki kwa jumla. Vita vilimkuta Lukafu. Mke wake Kavira na watoto walibaki Butembo, na tangu hapo baina yao kuna majeshi. Malori mawili yalichukuliwa kwa ajili ya vita. Gari dogo aliligonga kwenye mti. Nilisikiliza habari hizi kama mtu anayesikiliza habari za mwenye kipande anachokitafuta. Sikuwa nimefikiri zaidi ya hapo.

Tulifika Jumapili alasiri. Gari lilikuwa uwanjani chini ya kibanda cha mabati, pua imevunjika, rangi ileile ya langu. Vioo vilikuwa vimefungwa. Ndani alikaa mwanamume mnene aliyevaa shati jeupe la kanisani, macho yamefumbwa, midomo inacheza. Mwape alinionyesha kwa kidevu kwamba ndiye. Nilisogea, nikaweka kiganja juu ya mlango.

Chuma kilikuwa kinatetemeka. Ampli ilikuwa nzima. Ningepaswa kufurahi.

Tulingoja mpaka upande wa kaseti ukaisha. Paluku alitoka, akajipangusa uso kwa leso, akanikaribisha kwa mikono miwili. Kwa kuwa nilikuwa mgeni wa kutoka mjini na nilitazama vyuma vyake, alidhani mimi ni mmoja wa wale wanaozunguka kununua shaba na aluminiamu kuukuu. Akanionyesha mashine ya kusaga iliyokufa, rejeta mbili, na rundo la nyaya. Sikumsahihisha. Mimi ambaye husahihisha hata tarehe kwenye matangazo ya kanisa, niliacha kosa la mtu liendelee jioni nzima, kwa sababu kulisahihisha kungenilazimu kuomba.

Tulikula maharagi na bukari. Aliniomba radhi kwa chakula, akasema kwao kuna viazi ambavyo ukivila huhitaji mboga. Kabla ya kula aliomba kwa muda mrefu, akimtaja Kavira na kila mtoto kwa jina, kwa mpangilio, kama mtu anayehakiki stoo.

Asubuhi niliweka kifurushi mezani, nikakifungua, nikasema ukweli wote. Paluku alisikiliza akiwa ameshika kikombe cha chai bila kunywa.

"Mama alisikia maneno ngapi?" aliuliza.

"Mawili."

"Na akajibu?"

"Hakupata nafasi."

Aliweka kikombe chini. Kisha alinieleza kaseti yake. Ni kwaya ya kanisa lake kule Butembo. Kavira anaimba sauti ya chini, ya nyuma kabisa, na katika redio ndogo sauti hiyo haipatikani. Wanasikika wale wa juu tu. Ndani ya gari anampata. Nilianza kufunga kifurushi changu. Nilimwambia kwamba nimeelewa, na kwamba nitatafuta njia nyingine, ingawa njia nyingine sikuwa nayo.

"Muzee, ngoja," alisema. "Mie kaseti yangu naijua kwa moyo. Nikifunga macho, inaimba. Mama yako hajasikia yake hata mara moja. Toa ile kitu."

Niliitoa mwenyewe, skrubu nne, soketi moja. Kisha mahali pake nikaweka ile iliyokufa na kuunganisha nyaya zote kumi na mbili. Aliniuliza faida ya kufunga kitu kilichokufa ni nini. Nilimjibu kwamba ni sheria ya stoo, na kwamba tundu wazi huita panya. Hakucheka. Aliwasha redio. Taa ziliwaka, kaseti ikazunguka katika kidirisha chake. Alikaa akiitazama inavyozunguka.

Nilimwambia kwamba mama akishasikia nitairudisha. Alisema nisiape, njia hii haina mwenyewe.

Kizuizi

Tuliondoka Jumatano na mahindi. Mama Feza alikuwa amerudi kutoka kwa wavuvi na kikapu kilichojaa, akapanda tena. Siku hizo habari za mapigano zilikuwa zimesogea karibu, na mahali ambapo wakati wa kwenda hapakuwa na kitu tulikuta mti umelazwa barabarani na askari wakipekua. Walikuwa wanatafuta zile redio za kuongelea kwa mbali, fonie, ambazo inasemekana majasusi wanazitumia. Pembeni mwanamume mmoja alikuwa ameketishwa chini, mikono kichwani, na mbele yake redio ya kawaida iliyofunguliwa nyuma.

Nilikuwa na kisanduku cha chuma chenye nyaya kumi na mbili. Nilikuwa pia na daftari, mfukoni. Ninyi mnajua namna ninavyoandika. Ndani kulikuwa na mchoro wa soketi, na pembeni maelezo: njano: moto wa daima; buluu: ya kuamsha; kahawia: kushoto mbele; kijivu: kulia nyuma. Katika akili yangu nililisoma daftari lile kama atakavyolisoma askari, na kwa mara ya kwanza nikaogopa mwandiko wangu mwenyewe.

Askari alipanda. Alipekua magunia, alipekua kikapu cha samaki, kisha akaelekeza kidole kwenye magoti yangu. Nilifungua kinywa. Nilikuwa nimeandaa maelezo mazuri, yanayoanzia kwenye betri. Mama Feza alinitangulia. Aliweka mikono yake miwili juu ya kikwembe.

"Muache, mutoto yangu," alimwambia askari. "Iko maiti ya mutoto."

Akaanza kulia. Si kelele, ule wimbo wa chini wa wanawake waliokwisha kuchoka. Mwanamke wa pembeni akaupokea, kisha mwingine, bila mtu kuwaambia. Mwape alishuka kabini akavua kofia. Wale wale waliocheka mtoni sasa walikuwa wanalia, na sikuweza kusema ni machozi ya uongo, kwa maana kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kumlilia.

Askari aliniangalia. Niliinamisha kichwa juu ya ampli ya Paluku. Alifanya ishara ya msalaba, akarudi nyuma, akawaambia wenzake waondoe mti. Yule mwanamume wa redio alibaki pale chini. Sijui habari zake mpaka leo. Namwandika hapa ili awe ameandikwa mahali.

Lori likapita. Kisha kicheko kilianza nyuma ya lori, lakini mimi sikuweza. Nilikuwa nimekubali kifo kitajwe juu ya kitu kinachokwenda kubeba sauti ya mdogo wangu. Mimi si mtu wa kuamini mambo ya mikosi, na bado niliondoa mikono juu ya kifurushi. Mama Feza aliona. Kwenye kijito cha kwanza alipiga paa la kabini, Mwape akasimama. Alinishusha, akaniambia ninawe mikono na uso kama watu wanaotoka makaburini, naye akanawa kando yangu.

"Imeisha, papa," alisema. "Tulizika bule."

Hewa Bora

Nilifika Ijumaa mchana. Mama alikuwa amekaa ndani ya gari. Mke wangu aliniambia kwamba alikaa humo kila siku tangu nilipoondoka, milango wazi, kaseti katika pindo la kikwembe. Hakunisalimu, alikiangalia kifurushi, akashuka kunipisha nifanye kazi. Soketi, skrubu nne, betri. Nilijaribu kwanza kwa kaseti ya kwaya, sauti ndogo, kisha kubwa, kushoto, kulia. Ndipo nikamkaribisha.

Alifungua pindo, akanipa kaseti. Niliirudisha mwanzo, nikafunga milango.

"Mama, unanisikia?"

"Nakusikia," mama alijibu, kwa sauti kubwa, jinsi wasiosikia wanavyojibu, na ua wote ukasikia.

Nilishuka, nikamfungia. Ilikuwa barua yake. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikatazama mvua ikianza kwenye vioo.

Jioni wakati wa kula alitueleza aliyotaka kutueleza. Reli ya Kongolo imeota majani. Wanafunzi wanamlipa Ngoy kwa mihogo. Ameoa. Anauliza nani anakula mapera ya mti wake hapa uani.

"Sauti yake imekonda," alisema mama. Kisha akauliza habari za mwenye ampli. Nilimweleza Paluku ni nani, na Kavira, na sauti ya chini.

"Na ule sasa anasikia na nini?"

Nikamwambia kwamba anaitazama tu kaseti yake inavyozunguka.

"Nikiijua kwa moyo," alisema, "utamurudishia."

Jumapili zilipita. Siku moja aliniita nikae naye ndani, kwa mara ya kwanza. Niliisikia kaseti yote, na niliona midomo yake ikitangulia sauti ya Ngoy kwa neno moja, mwanzo hadi mwisho, hata pale Ngoy anapokohoa. Nilitazama nje. Sitaficha: mimi pia nilitaka tuendelee kuwa na Ngoy uani. Jumapili mbili tulinyamaza hivyo. Ya tatu alifungua mlango kabla upande haujaisha.

"Toa vyuma vyako. Baba wa Lukafu anangojea."

Niliituma kwa Mwape, katika kikwembe kilekile, mafundo mawili, na kwa ajili ya Paluku nikaandika kikaratasi: njano kwa njano, buluu kwa buluu. Mama Feza aliipakata. Baada ya wiki moja na nusu Mwape alileta ampli iliyokufa, ikiwa imefungwa kwa leso nyeupe ya kanisani, kipande kwa kipande. Nimeirudisha chini ya kiti, na nyaya zote nimeziunganisha.

Swali lenu la pili basi. Mmepita uani kwetu Jumapili baada ya misa, mmemwona mama ndani ya gari, vioo vimefungwa, taa za redio zinawaka, na hakuna kinachosikika. Ni kweli. Mimi ndiye ninayemtilia kaseti ya Ngoy na kumfungia milango. Inazunguka, naye anaweka kiganja juu ya mlango, anangoja kidogo, mpaka pale mahali pake pa kujibu pafike.

"Nakusikia," anasema.